Zawadi Isiyo na Hakimu

Tarehe 15 Januari 2015 muamala mmoja wa ajabu uliingia kwenye leja ya bitcoin. Mtu ambaye hajawahi kujitambulisha kwa jina lake alitoa bitcoin 32.896 kwa mkupuo na kuzigawa kwenye anwani 256. Anwani ya kwanza ilipata 0.001, ya pili 0.002, ya tatu 0.003, ngazi kwa ngazi hadi ya 256 iliyopata 0.256. Muamala haukuambatana na barua wala masharti. Bei ya bitcoin moja wiki ile ilikuwa ikichezea dola 200, kwa hiyo mzigo mzima haukuzidi sana dola 7,000.

Fedha zilizopangwa kwa unyoofu wa namna hiyo haziwezi kumpita mtu mwenye mazoea ya kusoma leja. Waliochungulia waligundua kwamba ufunguo wa siri wa anwani ya kwanza, yaani namba inayozifungua fedha zake, ni namba 1. Ndiyo, moja yenyewe. Wa pili ni 3, wa tatu 7, wa nne 8, wa tano 21, wa sita 49, wa saba 76, wa nane 224. Ukizitazama harakaharaka unadhani kuna kanuni imejificha ndani yake, na wapo waliokesha wakiisaka. Kilichokuwepo ni mipaka tu. Ufunguo wa kwanza una urefu wa biti moja, wa pili biti mbili, wa kumi biti kumi, na kila mmoja umeokotwa ndani ya uwanja uliokuwa mpana maradufu kuliko uliotangulia. Ufunguo wa kawaida wa bitcoin hufika biti 256, yaani namba inayoweza kuwa na tarakimu 78. Mtu huyu alikuwa amechukua kufuli lile lile linalolinda mali za watu duniani kote, akatengeneza matoleo 256 yake, kuanzia lile la kufunguliwa na mtoto hadi lile lisilofunguka, na kila moja akalifungia pesa.

Katika vitendawili vyetu anayeshindwa ndiye anayelipa. “Nipe mji,” mtegaji hudai, akapewa Mombasa au Bagamoyo, ndipo atoe jibu. Mtegaji wa 2015 aliiweka miji yake mezani kwanza, kisha akaondoka.

Na hapo ndipo penye jambo jipya. Zawadi za kuvunja siri ni za zamani, lakini siku zote zilikuwa na mtu wa kuzitoa.

Turudi Agosti 1977. Martin Gardner, aliyekuwa na safu ya michezo ya hesabu katika jarida la Scientific American, aliwaletea wasomaji wake njia mpya ya kuficha maandishi iliyobuniwa na vijana watatu wa chuo cha MIT: Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman. Msingi wake unaelezeka hata kwa mwanafunzi wa sekondari. Chukua namba tasa mbili kubwa, zizidishe, upate namba moja ndefu. Kuzidisha ni kazi ya dakika chache. Kuichukua ile namba ndefu na kusema ilitokana na zipi mbili ndiyo kazi. Gardner alichapisha namba yenye tarakimu 129 na ujumbe uliofungwa kwayo, na watatu wale wakaahidi dola 100 kwa atakayeufungua. Rivest alikadiria kwamba kazi hiyo ingechukua miaka 40,000,000,000,000,000.

Ilichukua 17. Makadirio ya namna hii hupiga hesabu ya mashine za leo na mbinu za leo, na yote mawili hayakai. Mwaka 1993 Derek Atkins, Michael Graff na Paul Leyland, wakisaidiana na Arjen Lenstra aliyekuwa bingwa wa kugawanya namba, waliwaomba watu waazime kompyuta zao zikiwa hazina kazi. Walijitokeza takriban watu 600 wenye mashine 1,600 hivi, kila mmoja akituma sehemu yake ya hesabu kwa barua pepe. Baada ya miezi minane, Aprili 1994, namba ile ilipasuka vipande viwili, kimoja cha tarakimu 64 na kingine cha 65. Ujumbe ulipofunguka ulikuwa upuuzi mtupu: ulisema kwamba maneno ya kimiujiza ni ya tai mla mifupa mwenye kichefuchefu. Watunzi wake hawakutarajia kwamba kuna binadamu angeishi kuusoma. Dola 100 zililipwa, na washindi wakazikabidhi kwa taasisi ya kutetea programu huria.

Miaka ya 1990 dau lilipanda. Kampuni iliyotokana na kazi ya wale watatu ilitangaza dola 10,000 kwa atakayevunja DES, usimbaji rasmi wa serikali ya Marekani uliokuwa na ufunguo wa biti 56. Ulivunjwa Juni 1997 na maelfu ya kompyuta za kujitolea. Julai 1998 shirika la Electronic Frontier Foundation likautwanga tena kwa mashine moja iliyogharimu chini ya dola 250,000, ndani ya saa 56. Serikali iliyokuwa ikishikilia kwamba DES inatosha ikakosa la kusema.

Katika visa hivyo vyote, aliyepata jibu ilibidi aende kwa mtu. Ampelekee, mtu huyo akague, aridhike, aandike cheki. Rivest na wenzake walikuwa waungwana, walilipa. Ila ahadi ilikuwa ahadi ya binadamu, na mshindi alipaswa kuamini kwamba mtoa zawadi bado yu hai, ana hela na hajabadili mawazo.

Bitcoin ilipoanza Januari 2009 ilileta kitu ambacho wengi hawakukitilia maanani, kwa kuwa macho yao yalikuwa kwenye bei. Ndani ya mfumo huo fedha haziandikwi jina la mwenyewe. Hufungwa kwa masharti yaliyoandikwa kama programu fupi, na yeyote atakayeleta kitu kinachotimiza masharti hayo, kompyuta zote za mtandao humkubalia. Kwa kawaida sharti ni sahihi ya kidijitali inayotokana na ufunguo wa siri. Lakini unaweza kuandika sharti jingine.

Septemba 2013 Peter Todd, mwandishi wa programu kutoka Kanada, aliandika sharti la aina hiyo. Alitaka kujua siku ambayo SHA-1 itaanguka. SHA-1 ni kanuni ya hashi: unaipa data yoyote, iwe neno moja au kitabu kizima, nayo inakutolea namba ya biti 160. Thamani yake iko katika dhana kwamba hakuna atakayeweza kupata data mbili tofauti zenye hashi moja. Tangu 2005 timu ya watafiti wa Kichina iliyoongozwa na Wang Xiaoyun ilikuwa imeonyesha kwamba dhana hiyo ina ufa, lakini hakuna aliyekuwa ameleta mfano mkononi. Sharti la Todd lilisema hivi, kwa lugha ya mashine: leta vitu viwili, visiwe sawa, hashi zake za SHA-1 ziwe sawa, ukitimiza hayo chukua pesa. Aliweka mitego kama hiyo kwa kanuni nyingine pia, ikiwemo SHA-256 ambayo bitcoin yenyewe imeegemea. Watu wakaanza kuchangia, mmoja hiki, mwingine kile, hadi mtego wa SHA-1 ukawa na bitcoin 2.48.

Tarehe 23 Februari 2017 watafiti wa taasisi ya CWI ya Amsterdam pamoja na Google walitangaza kwamba wameupata mgongano wa kwanza wa SHA-1. Walitoa faili mbili za PDF, moja yenye rangi ya buluu na nyingine nyekundu, zenye hashi ile ile. Kazi yake ilihitaji zaidi ya hesabu kwintilioni 9 za SHA-1. Sehemu ya kwanza pekee ingeichukua kompyuta moja ya kawaida miaka 6,500. Siku hiyo hiyo bitcoin 2.48 za Todd, wakati huo zikiwa na thamani ya chini kidogo ya dola 3,000, zilichukuliwa.

Hapa kuna utundu mdogo unaostahili kutazamwa kwa karibu. Lugha ya masharti ya bitcoin hairuhusu kipande cha data kinachozidi baiti 520, na faili zile zilikuwa na mamia ya maelfu ya baiti. Usingeweza kuziingiza zilivyo. Lakini mgongano wenyewe ulikuwa umekaa mwanzoni mwa faili: ukikata baiti 320 za mwanzo za kila faili, tayari una vipande viwili tofauti vyenye hashi moja. Aliyechukua zawadi alikata hapo, akapeleka vipande, mtandao ukavikagua kwa sekunde moja ukasema sawa. Hakuulizwa kama yeye ndiye aliyefanya utafiti. Sharti halikutaka jina wala sahihi. Na kwa kuwa halikutaka sahihi, mtu yeyote aliyeviona vipande vile vikisubiri kuandikwa kwenye leja angeweza kuvinakili, akaweka anwani yake mwenyewe ya kupokelea, na sharti lingetimia vile vile. Zawadi ya Todd ilikuwa imemwondoa hakimu, na pamoja na hakimu ikawa imeondoa swali la nani hasa ameshinda. Swali hilo litarudi baadaye kwa gharama kubwa zaidi.

Katika miaka hiyo, mafumbo yenye zawadi za bitcoin yaligeuka kuwa mchezo wenye ladha zake. Lililojulikana zaidi lilikuwa mchoro wa rangi uliotolewa 2015 na msanii wa Marekani aliyejiita coin_artist: ndege finiksi, njiwa, ufunguo, na miali ya moto iliyozunguka fremu. Urefu na rangi za miali ile ndizo zilizobeba biti za ufunguo wa siri. Mchoro ulitundikwa hadharani karibu miaka mitatu bila mtu kuufumbua, hadi mwanzoni mwa Februari 2018 mwandishi mmoja wa programu alipozisoma alama zile na kuondoka na bitcoin karibu 5, zilizokuwa zimefikia dola 50,000 hivi kwa sababu tu bei ilikuwa imepanda wakati watu wakikuna vichwa. Ni kisa kizuri, lakini kwangu si cha daraja moja na cha Januari 2015. Fumbo la mchoro humshindanisha mfumbuaji na akili ya msanii. Lile la anwani 256 halina ujanja wowote wa kufumbua. Lina namba tu, na namba haidanganyiki.

Kwa muda wa zaidi ya miaka miwili mwenye mali alikaa kimya. Anwani za chini zilikombwa upesi. Kadiri ngazi zilivyopanda, kasi ilipungua, kwa maana kila ngazi moja huongeza kazi maradufu. Anayetafuta ufunguo wa biti 30 ana namba zaidi ya milioni 500 za kukagua, jambo la muda mfupi kwa kompyuta. Wa biti 50 ana zaidi ya trilioni 500.

Aprili 2017 aliibuka, bado kwa jina la bandia. Alisema hakuna kanuni yoyote iliyofichwa. Alizichukua funguo zilizofuatana kutoka kwenye pochi yake, akafuta biti za mwanzo za kila mmoja kwa kiwango alichotaka, basi. Lengo, alieleza, lilikuwa kupata kipimo cha kukadiria nguvu za wavunjaji: uone wamefika ngazi ipi, na kwa kasi gani. Akakubali pia kwamba ngazi 96 za juu zilikuwa kazi bure. Anwani ya bitcoin hupatikana kwa kuupitisha ufunguo wa wazi kwenye kanuni mbili za hashi, na ya mwisho hutoa biti 160 tu. Kwa hiyo kupita ngazi ya 160 ugumu hauongezeki tena. Tarehe 11 Julai 2017 alizihamisha fedha za anwani 161 hadi 256 na kuzipeleka ngazi za chini yake. Hatua hiyo ilitoa jibu kwa wote waliokuwa wakishuku kwamba mtegaji amekufa au amepoteza funguo. Alikuwepo, na alikuwa akisoma wanachosema watu.

Hatua yake iliyofuata ndiyo iliyonipa hamu ya kuandika habari hizi. Tarehe 31 Mei 2019 alituma satoshi 1,000 (satoshi ndicho kipande kidogo kabisa cha bitcoin), thamani ya senti chache tu za dola, kutoka kila anwani ya tano: ya 65, ya 70, ya 75, hadi ya 160. Anwani 20 kwa jumla. Ukitazama fedha, hakuna kilichotokea. Ukitazama hesabu, alikuwa amezivua nguo anwani zile.

Ieleweke hivi. Kila ufunguo wa siri una mwenzake, ufunguo wa wazi, unaokokotolewa kutokana nao. Mwenye kuujua wa siri huupata wa wazi mara moja. Kurudi nyuma ndiko kugumu. Anwani ni hashi ya ufunguo wa wazi, na maadamu hujawahi kulipa kutoka kwenye anwani hiyo, ufunguo wa wazi haujaonekana na mtu yeyote. Siku unayolipa, sahihi yako inautoa hadharani. Kwa kutuma zile satoshi 1,000 mtegaji aliziacha funguo 20 za wazi kwenye leja makusudi.

Na mtu mwenye ufunguo wa wazi hahitaji kukagua namba moja moja. Mwaka 1978 mwanahisabati Mwingereza John Pollard alieleza njia aliyoitungia hadithi ya kangaruu wawili. Mmoja amefugwa na anaanzia mahali unapopajua. Mwingine ni wa porini; anaanzia kwenye ufunguo unaoutafuta, mahali usipopajua. Wote wanaruka, na urefu wa kila mruko unaamuliwa na pale walipotua. Kwa hiyo ikitokea wa porini akatua hata mara moja mahali alipowahi kutua wa kufugwa, tangu hapo watafuata njia moja. Ukishawaona wamekutana, unatoa umbali aliotembea mmoja kwenye umbali wa mwenzake na ufunguo wa siri unabaki mkononi. Uwanja wenye namba 1,000,000 unahitaji hadi majaribio 1,000,000 kwa kupapasa. Kwa kangaruu unahitaji miruko 2,000 hivi. Uwanja ukikua mara nne, kupapasa kunakua mara nne, miruko inakua mara mbili tu.

Matokeo yalionekana wiki hiyo hiyo. Ngazi ya 65 ilifunguka Juni 2019, na kabla ya mwaka kwisha zile zilizovuliwa zilikuwa zimeanguka hadi ya 105. Jean-Luc Pons alitoa bure programu aliyoipa jina la Kangaroo, na Juni 2020 yeye na mwenzake waliifungua ngazi ya 115 kwa kadi za michoro 256 za Tesla V100 zilizofanya kazi siku 13. Wakati huo huo ngazi ya 64, fupi kwa biti 51, ilikuwa bado imefungwa kwa kuwa ufunguo wake wa wazi haukuwa umeonekana. Ilifunguliwa Septemba 2022, miaka miwili na ushei baada ya ile ya 115. Kipimo cha mtegaji kilikuwa kimetoa somo ambalo hakuna kitabu kingelitoa kwa uwazi huo: thamani ya lile pazia la hashi ilipimwa, ikaonekana kwa macho.

Tarehe 16 Aprili 2023 alifanya la mwisho, na kubwa kuliko yote. Kila ngazi iliyokuwa haijafunguka iliongezewa zawadi hadi mara kumi ya kiasi ilichokuwa nacho wakati huo. Ya 66 ikawa na bitcoin 6.6, ya 130 ikawa na 13, ya 160 ikawa na 16. Jumla ilipita bitcoin 950. Kwa bei ya siku hiyo, iliyokuwa karibu dola 30,000, alikuwa ameongeza zaidi ya dola milioni 25 kutoka mfukoni mwake. Mchezo wa dola 7,000 ulikuwa umekwisha. Waliokuwa wakitafuta kwa burudani sasa walishindana na wenye mashamba ya kadi za michoro, na vikundi vikaundwa vya kugawana uwanja na kugawana faida.

Tarehe 12 Septemba 2024 ufunguo wa ngazi ya 66 ulipatikana kwa kupapasa, baada ya uwanja wenye namba zaidi ya kwintilioni 36 kukaguliwa kwa miaka. Zawadi ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 350,000. Mpataji alifanya ambalo angelifanya mtu yeyote: alitia sahihi, akatuma.

Muamala wa bitcoin ukishatumwa hauandikwi papo hapo. Husubiri kwenye foleni iliyo wazi kwa kila kompyuta ya mtandao hadi mchimbaji, mwenye kompyuta inayoandika leja, auingize kwenye bloku, yaani ukurasa mpya wa leja, na bloku huja kwa wastani wa dakika 10. Dakika hizo zikawa balaa. Sahihi yake ilikuwa imeutoa nje ufunguo wa wazi wa anwani ambayo ufunguo wake wa siri ni wa biti 66 tu, na kwa kangaruu uwanja huo ni miruko bilioni 12 hivi. Kadi moja nzuri huimaliza kwa sekunde. Zilikuwepo programu zilizoachwa zikiivizia anwani hiyo usiku na mchana, zisizokuwa zimetafuta ufunguo hata dakika moja. Simulizi iliyokubalika miongoni mwa wafuatiliaji wa leja ni kwamba zilimkokotolea ufunguo wake palepale, zikaandika muamala mwingine wenye anwani yao na ada kubwa zaidi kwa mchimbaji, na kwa kuwa mchimbaji huchagua ada nono, wa kwanza ukatupwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee. Hii ilikuwa na daftari, ilikuwa na habari, na ikapotea watu wote wakitazama.

Je, huo ni wizi? Mimi naona ni wizi, ila sijui ningeushitaki wapi. Sharti la anwani ya 66 lilidai sahihi halali, na waliofika pili walileta sahihi halali. Hakuna pa kukata rufaa, kwa sababu tangu mwanzo hakukuwa na baraza. Uzuri wa zawadi hii ulikuwa kwamba mshindi hamtegemei mtu. Ubaya wake ukaja kuwa kwamba mshindi hana mtu. Dawa iliyopendekezwa baada ya hapo ni kuupeleka muamala kwa siri moja kwa moja kwa mchimbaji mkubwa, bila kupita kwenye foleni ya wazi. Kampuni ya MARA ya Marekani ilikuwa tayari imefungua huduma ya namna hiyo. Inafanya kazi, lakini angalia tulipofika: hakimu aliyetolewa kwa mlango wa mbele, mshindi anamtafuta kwa mlango wa nyuma, na kumwomba kwa adabu asiichukue yeye.

Mwezi huo huo wa Septemba 2024 ngazi ya 130, iliyokuwa imevuliwa tangu 2019, ilifunguliwa kwa kangaruu. Aliyeifungua hakuwa na cha kuviziwa, kwani ufunguo wa wazi ulikuwa hadharani miaka mitano na ni yeye aliyekuwa na nguvu za kuumaliza. Wa kumnakili kwa dakika 10 hayupo. Zikafuata ngazi za 67, 68 na 69 kati ya Februari na Aprili 2025.

Mwenye bitcoin zake za kawaida asikose usingizi kwa habari hizi. Ngazi ya 130 kwa kangaruu ni kazi ya miruko iliyo karibu na 2 kwa kipeo cha 65. Ufunguo kamili wa biti 256, hata ukiwa umevuliwa, unadai 2 kwa kipeo cha 128. Tofauti yake ni mara kwintilioni 9. Kipimo kilichowekwa 2015 kinasema wavunjaji wamepanda sana, na pia kinasema kilele hakijaonekana hata kwa darubini.

Kwa anayetamani kujaribu ngazi ya 71 yenye bitcoin 7.1, hesabu ndiyo hii. Uwanja wake una namba 1,180,591,620,717,411,303,424. Tuseme una kadi yenye nguvu inayokagua funguo bilioni 5 kwa sekunde na kula wati 400. Kuumaliza uwanja kungeichukua kadi hiyo karibu miaka 7,500; kwa bahati ya wastani, nusu yake. Nusu hiyo ni takriban uniti milioni 13 za umeme. Kwa senti 10 za dola kwa uniti umeme unakugharimu dola milioni 1.3. Bitcoin 7.1, hata ukizihesabu kwa dola 100,000 kila moja, ni dola 710,000, na bado hujanunua kadi wala hujapambana na wale wanaovizia kwenye foleni. Kwa hiyo atakayekuuzia programu ya kuupata ufunguo huo kwa usiku mmoja kwenye kompyuta yako ya mkononi, mwulize kwa nini hajautafuta yeye.